Vijiti Vitatu Pwani ya Chokaani

Mnada wa samaki wa Malindi, Unguja, ulikuwa umechangamka Jumamosi ile ya Disemba 2002. Changu wamepangwa mafungu mafungu juu ya saruji, pweza wanang'aa, dalali anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Katika halaiki nzima mtu mmoja tu hakuwa akitazama samaki. Alisimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kanzu yake ya rangi ya maziwa ameikunja mikono, kofia ya viua imerudi kisogoni, na machoni kaweka darubini. Darubini ile ilielekea kwa wanawake waliokuja kununua.

Ndivyo alivyoona Mwanamkasi, na Mwanamkasi hakuwa mtu wa kuona jambo akalinyamazia. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya Ng'ambo, mrefu, mwembamba, buibui lake limetariziwa uzi wa kijani kwenye mikono, kikapu cha ukili begani.

"Wewe bwana! Shuka hapo."

"Naam?"

"Shuka nikwambie. Unatazama nini?"

"Shakwe."

"Shakwe gani hao wanaovaa buibui?"

Watu wakaangua kicheko. Dalali mwenyewe akaacha kunadi. "Mbane huyo, bibie, mbane!"

Yule kijana akashuka, masikio yamemwiva. "Geuka nyuma yako. Juu ya paa la banda la barafu. Yule wa mwanzo, anayejikuna."

Mwanamkasi aliinyakua darubini bila kusubiri mkanda utoke shingoni, kijana akalazimika kuinama kama anayenyolewa. Kwenye kioo akamwona ndege mkubwa wa rangi ya masizi, miguu ya manjano iliyochujuka, ncha ya mdomo nyekundu kana kwamba katoka kuonja mchuzi.

"Huyu si membe?"

"Membe mdogo, mkia una panda, na hupiga mbizi mwenyewe akatafuta riziki yake. Huyu hapigi mbizi. Huyu anangoja wewe uvue, kisha ndio aje."

"Kama wakubwa wetu," akasema mtu kwa nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa kifupi, kila mmoja akatazama nani kasikia.

Mwanamkasi akamrudishia darubini. "Nani kakutuma?"

Swali hilo mgeni hulishangaa. Sisi hatulishangai. Tangu lini mtu mwenye daftari na kalamu akaja kwetu kwa heri? Walikuja wakahesabu karafuu, karafuu zikaondoka. Walikuja wakahesabu nyumba, nyumba zikatiwa alama ya rangi na kuvunjwa. Kila unapokaribia uchaguzi huja wakahesabu vichwa. Mtu anayetazama kwa makini na kuandika anachokiona, lazima aulizwe yuko upande wa nani, na akijibu hayupo upande wowote, hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

"Hajanituma mtu," akasema kijana. "Jina langu Khelef. Fundi saa, duka langu Mkunazini. Darubini hii aliniletea mzungu mmoja, kioo kimelegea, asirudi tena. Nikaitengeneza. Sasa nifanye nini nayo, nitazamie saa? Jumapili huwa tunatembea kundi, tunajifunza ndege. Tumeanza na shakwe maana ndio wanaotuchezea zaidi."

"Wanakuchezeeni vipi?"

"Wale wakubwa wanaokuja na kaskazi, hubadili manyoya miaka minne. Mtoto wa kahawia, mama mweupe mgongo wa kijivu. Ukiwaona pamoja utaapa ni kabila mbili."

Mwanamkasi akamtazama kanzu, akamtazama pua ile iliyonyooka ya watu wa mjini, akaondoka bila kuaga. Lakini alipofika kwenye ngazi aligeuka. Khelef alikuwa keshapanda kreti lake tena. Safari hii, hakuna ubishi, darubini ilikuwa inamtazama yeye.

*

Siku ya nne alifika Mkunazini na saa yake ya mkononi.

Duka lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Khelef akaifungua saa, akaitia kwenye kioo chake cha jicho, akaifunga.

"Saa hii haina ugonjwa, mwalimu."

"Basi itazame vizuri. Wewe si ndio mtu wa kutazama?"

Akaitazama siku tisa. Kila siku Mwanamkasi alipita kuulizia mgonjwa wake, na kila siku aliambiwa anaendelea vizuri lakini bado hajaruhusiwa. Siku ya kumi saa ikarudi mkononi, na namba ya simu ya Khelef imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobanwa chini ya mkanda. Mwaka ule kila mtu mjini alikuwa na simu, na hakuna aliyekuwa na vocha. Mwanamkasi alibipu mara moja, akakata. Khelef akapiga.

"Mwalimu, umeshakula?"

"Nshakula. Nnasahihisha. Kuna mtoto kaandika Pemba iko kusini."

"Mpe maksi, labda kaiona ikihama."

"Fundi, wewe maneno haya umewaambia wangapi?"

"Shakwe tu."

"Ndio ninachokiogopa. Mtu anayezungumza na ndege miaka yote, kisha ghafla anageukia watu."

Alikuwa anatania, na hakuwa anatania. Alikaa Mikunguni kwa shangazi yake, Bi Nassra, mwanamke aliyesikia kila kitu hata redio ikiwa juu.

"Jina lake nani huyo?"

"Khelef."

"Wa wapi?"

"Mkunazini."

"Mh." Bi Nassra akachambua mchicha bila kuinua kichwa. "Na hao ndege zake, wana mashamba?"

Upande wa pili nao walikuwa na lao. Mama yake Khelef, Bi Thuwaiba, alikaa ghorofa ya juu ya nyumba iliyokuwa ikidondoka chokaa, dirisha lake halifunguki tangu mvua za masika. Alipoambiwa binti ni mtu wa Chokaani, aliuliza neno moja: "Chokaani ipi?" Ilhali Unguja Chokaani ni moja, kijiji kidogo cha wavuvi na wapanda mwani, jirani na Uroa. "Wanatafuta nini kwetu tena?" akasema. "Hawajatosheka?"

Hapo pana jambo lazima niliweke wazi, maana wengi siku hizi hujifanya hawakumbuki. Minazi ya Chokaani kabla ya mapinduzi ilikuwa ya Sheikh Muhannad, baba yake Bi Thuwaiba. Mwaka sitini na nne nyumba yao ilipopekuliwa, Bi Thuwaiba alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na ramani ya shamba aliificha kifuani ndani ya gauni. Wale waliopekua walichukua saa ya ukutani, sahani na kitanda. Ramani hawakuipata. Miaka thelathini na minane ilikaa kashani, na Bi Thuwaiba kila Ramadhani huitoa akaipunga upepo.

Khelef alikuwa akiiazima. Si kwa mashamba. Ramani za dukani zilionesha barabara na hoteli, lakini ile ya babu ilionesha kila mwamba na kila mkondo wa pwani, na hapo Khelef alitia alama ndogo za penseli, kila mahali ambapo wavuvi wa mnadani walimwambia shakwe hutua maji yakitoka. Hakumwambia mtu. Hilo lilikuwa kosa lake.

Mwanamkasi naye alikuwa na lake.

Mwaka 1991 walifika Chokaani watu wanne kutoka mjini na vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Walisema wanapima maji ili mwani upate kustawi. Bi Tabia, mama yake Mwanamkasi, aliwapikia wali wa nazi na akawashikia kamba. Binti mwenyewe, miaka kumi na sita wakati ule, aliwafuata juani na ndoo ya maji ya kunywa. Baada ya miaka miwili, pale palipokuwa na vijiti pakasimama ukuta wa hoteli, na mlinzi wa ukuta akamwambia Bi Tabia azunguke. Azunguke! Njia aliyopita mama yake na bibi yake, na tenga la mwani wa maji kichwani! Mkuu wa wale wapimaji aliitwa Nahodha, mtu ambaye hata ngalawa hajawahi kuishika usukani. Kilichobaki kijijini kilikuwa kipande kimoja cha mchanga, hatua mia nne, wanawake wote wa Chokaani wanaanika mwani hapo. Kikienda na hicho, wataanika paani.

Kwa hiyo Khelef alipolalamika kuwa pwani za mjini hazina mchanga wa kutosha wa kujifunzia, na Mwanamkasi akasema, "Njooni kwetu," hilo halikuwa neno dogo. Alikwenda kwa mama yake akamdhamini. Na kwa Khelef alisema: "Ukifika, kwanza kwa sheha. Kisha kwa mama. Usifanye chochote hujaomba ruhusa."

"Kwani kuna nini?"

"Waliwahi kuja watu wakapima."

Akaishia hapo. Ndoo ya maji ilimziba mdomo. Mtu huona haya kusema kuwa aliyemwibia, yeye ndiye aliyemnywesha.

*

Jumapili ya katikati ya Januari walishuka kwenye gari ya kukodi watu tisa. Alikuwemo Zahran, karani mstaafu wa bandari, koti limembana na kalamu tatu mfukoni. Alikuwemo Wafaa, dada yake Khelef, muuguzi, mtandio wa waridi na viatu visivyofaa mchanga. Wakapiga hodi kwa sheha, mkuu wa kijiji. Wakaenda kwa Bi Tabia, aliyekuwa kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Shikamoo mama," akasema Khelef.

"Marahaba. Wewe ndiye mtazama ndege?"

"Ndiye."

"Na huko kwenu mjini ndege wamekwisha?"

"Wapo, mama. Lakini wamezoea watu, wamekuwa na tabia mbaya."

Bi Tabia alitaka kucheka, akajizuia. "Haya. Mtazame, muende."

Maji yalikuwa yametoka mbali. Mchanga umelala mweupe, juu yake mwani umetandazwa kama mikeka ya zambarau, na kule kwenye ukingo wa maji shakwe hamsini au zaidi wamesimama wote wakiukabili upepo. Mwanamkasi, aliyetangulia tangu jana, alibaki nyumbani kupika chai ya wageni. Na Khelef akafanya kile anachofanya kila Jumapili. Juu ya mchanga mtupu jicho hukosea, ndege mdogo aliye karibu huonekana jitu. Basi akahesabu hatua hamsini akachomeka kijiti, hatua mia akachomeka cha pili, mia na hamsini akachomeka cha tatu. Ili vionekane, kila kijiti alikifunga kitambaa chekundu.

"Msiseme jina kwanza," akawaambia wenzake. "Semeni miguu. Semeni mdomo. Jina litakuja lenyewe. Zahran, yule aliyepita kijiti cha pili?"

"Miguu manjano."

"Mgongo?"

"Kijivu kizito. Mdomo manjano, na doa jekundu kwa chini."

"Huyo kamaliza miaka yake minne. Na wa kahawia ubavuni kwake?"

"Aina nyengine," akasema Wafaa.

"Ile ile. Bado mtoto tu."

"Khelef," akasema Wafaa polepole, "na wale wanaokuja, ni aina gani?"

Walikuwa wanawake ishirini, khanga zimefungwa viunoni, miguu imelowa, na hakuna aliyekimbia. Walikuja wanatembea. Mbele yao Bi Tabia. Mwanamke mmoja akaking'oa kijiti cha kwanza akakivunja gotini.

"Safari hii hamtudanganyi!"

"Mama, hivi ni vya masafa tu, vya kujua ndege ni mkubwa au—"

"Vya masafa!" Bi Tabia akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Wale walisema vya maji."

Mwanamkasi alitokea kwenye vichaka na birika mkononi. Aliona vitambaa viwili vyekundu vilivyobaki vinapepea. Birika alilishusha taratibu mchangani, kama anayeogopa kulimwaga, na hakulinyanyua tena.

"Nani kaweka?"

"Mimi," akasema Khelef. "Mwalimu, nisikilize—"

"Nipe daftari."

Alimpa. Ukurasa wa kwanza shakwe, wa pili shakwe. Wa tatu ikaanguka karatasi nene ya manjano iliyokunjwa mara nne. Mwanamkasi akaikunjua. Pwani yao yote ilikuwa pale, kila mwamba, na kwenye mchanga wao alama za penseli, moja, mbili, kumi na saba. Juu, kwa herufi kubwa: Shamba la Sheikh Muhannad, 1938.

"Huyu nani?"

"Babu yangu, mzaa mama."

"Na alama hizi?"

"Ndipo wanapotua."

"Nani?"

"Shakwe, Mwalimu. Wallahi shakwe."

Hakumtazama usoni tena. Aliikunja ramani akamrushia kifuani. "Nilikuuliza siku ya kwanza nani kakutuma. Kumbe umejituma. Ondoka, Khelef, kabla mama hajasema neno ambalo nitalazimika kulishika."

*

Khelef alipiga simu. Ililia mpaka ikakata. Alipiga kesho yake. Alikwenda Ng'ambo mpaka kwenye lango la skuli, na mlinzi akamwambia mwalimu ametoka, ilhali sauti yake inasikika darasani ikitaja mito.

Wiki ya pili Nahodha akarudi Chokaani. Shati la hariri, miwani ya jua, gari nyeupe, na nyuma ya gari mawe ya mpaka yaliyokwisha pigwa namba. Alikuwa kasikia habari za vijiti, kwani kisiwa hiki habari gani isiyosikika? Na mwongo mzuri haanzi uongo mpya, huuokota uliopo. "Yule fundi wa darubini mlimwona," aliwaambia. "Tulimtanguliza." Hakumjua Khelef kwa sura wala kwa kivuli. Sentensi ile haikumgharimu kitu.

Siku hiyo simu ya Khelef ililia. Alikuwa Mwanamkasi.

"Unamjua Nahodha?"

"Nahodha gani?"

"Yeye anakujua." Ikakatwa.

Zahran ndiye aliyemweleza, maana makarani wa bandari hujua kila kilichoingia na kila kilichoibiwa. Alimweleza habari za mwaka tisini na moja, vijiti, wali wa nazi, ukuta. "Na Jumapili hii," akasema, "Nahodha anawakutanisha kwenye uwanja wa skuli. Anasema shamba la babu yako lilifika mpaka kwenye maji. Likataifishwa lote na mchanga wake. Kwa hiyo si lao, ni la serikali, na serikali imelikodisha kwa kampuni."

Khelef akaweka chini bisibisi. Kulikuwa na jambo yeye peke yake alilijua katika nyumba yao. Nyuma ya ramani ile, babu aliandika. Bi Thuwaiba hakuwahi kuigeuza, alikuwa anaupenda upande wenye minazi. Khelef aliisoma akiwa na miaka kumi na minane, akaikunja, akanyamaza, kwa sababu mama yake aliamini kwamba siku itafika, na siku hiyo vyote vitarudi mpaka kwenye povu la bahari. Alimwachia mama bahari yake.

"Mama, nnautaka ule waraka."

"Aibu uliyotutia haijatosha?"

"Nataka kuwapa watu wa Chokaani."

Bi Thuwaiba alikaa kitandani, mkono juu ya kasha. "Waliokula minazi yetu!"

"Wanaoanika mwani hawakula kitu, mama. Waliokula minazi ndio hao hao wanaokula mchanga sasa. Wamebadili manyoya tu."

"Na mimi nitabaki na nini?"

Khelef alisimama pale mpaka adhana ya alasiri ikaisha. Mama yake akageukia ukutani.

"Chukua. Usije ukanisimulia."

*

Kwenye uwanja wa skuli Nahodha alikuwa kwenye kiti, kijiji kiko chini. Khelef alipoingia sauti zilipanda. "Huyo! Huyo!" Mwanamkasi alikuwa kasimama nyuma ya mama yake, buibui lile lile la uzi wa kijani, na uso wake haukumkaribisha. Nahodha akamtazama huyu kijana wa kanzu asiyemjua, na kwa mara ya kwanza siku ile akavua miwani.

Khelef hakuiendea meza ya sheha. Hakumwendea Mwanamkasi. Alipiga goti mbele ya Bi Tabia, akaiweka ramani mapajani mwake, upande wa nyuma juu.

"Maandishi ya babu yangu, mama. Soma wewe."

Nahodha akacheka. "Mama huyo hajui kusoma. Lete hapa."

Ni kweli Bi Tabia hakuingia skuli hata siku moja. Lakini chuoni alihitimu, juzuu zote thelathini, na maandishi ya nyuma yalikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu kabla hatujaambiwa kuwa hatukuwa na maandishi. Akaisogeza karatasi mbali na macho. Akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea Kurani, bila haraka:

"Mpimaji kauvuta mstari mpaka majini. Mimi sikumtuma. Mwisho wa minazi ndio mwisho wangu. Mchanga ni wa watu wa Chokaani, wa kuanika na wa kupita. Asiudai mwanangu wala mjukuu wangu. Nimeandika mimi, Muhannad."

"Karatasi ya bwanyenye!" akasema Nahodha. "Mwarabu wa zamani kaandika, ndio nini?"

"Na yako," akauliza Bi Tabia, "kaandika nani?"

Ishirini wakasimama. Kisha hamsini. Nahodha alirudisha miwani yake usoni, na mawe yake yakarudi mjini na namba zake. Mtu asije akadhani yaliishia hapo, mambo yetu hayaishii hapo. Ramani iko kwenye jalada la kesi, jalada liko juu ya meza ya mtu, na mtu huyo kila akiulizwa yuko kikaoni. Lakini mchanga hadi leo haujachimbwa shimo hata moja.

Nyuma ya darasa la tatu Mwanamkasi alimkabili.

"Kwa nini hukunionesha siku ile? Ulinyamaza nikakutukana mbele ya watu."

"Ningeokoa uso wangu, ningemvunja mama. Na nilikuwa sijamwomba ruhusa."

"Nahodha unamjua?"

"Nimemwona leo."

"Apa."

"Wallahi."

"Apa tena."

"Wallahi, Mwalimu. Na wewe mbona hukunambia habari za vijiti?"

Mwanamkasi akasema, akiutazama ukuta, "Mimi ndiye niliyewapa maji. Ndoo nzima. Nikawauliza kama yanatosha."

Khelef alikaa chini kwenye msingi wa darasa, na Mwanamkasi akakaa pia, mbali naye kwa upana wa mtu mmoja.

"Sijakuamini bado," akasema.

"Najua."

"Usije ukanambia habari za miaka minne."

"Sikutaka kusema."

"Ulitaka. Nimeuona mdomo."

*

Mwisho wa Machi, kabla shakwe wakubwa hawajarudi kaskazini, Bi Tabia alituma neno mjini: kundi lije. Sharti lilikuwa moja, vijiti marufuku. Khelef aliuliza sasa masafa watayajuaje. Akajibiwa aje tu.

Walipofika, wanawake walikuwa wameshapima. Hatua hamsini alisimama mmoja, khanga nyekundu. Hatua mia alisimama Bi Tabia mwenyewe, khanga ya samawati, mikono kiunoni, akiwaelekeza kwa kelele watu wa mjini wasikanyage mwani. Na hatua mia na hamsini, karibu na maji, khanga ya manjano ikipigwa na upepo, shakwe wamemzunguka pande zote bila kumwogopa, alisimama Mwanamkasi.

Khelef akainua darubini. Simu ikalia mfukoni.

"Unatazama shakwe, au unanitazama mie?"

"Nilikuwa nawatazama shakwe, umesimama katikati."

"Mwongo."

"Leo nakutazama wewe. Ila miguu imefunikwa, aina nashindwa kuitambua."

"Mkosa haya! Wafaa yuko hapo?" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mama anauliza. Ile ramani, nakala umebakisha?"

Kwenye kioo Khelef alimwona ameisimamisha shingo, anangoja, mkono mmoja umeshika ushungi usiruke.

"Nimebakisha moja."

Khanga ya manjano ikasimama tuli. "Ya nini?"

"Ya mama yangu. Nimemchorea kwa mkono, ili asibaki na kasha tupu. Minazi yote nimeitia, mmoja mmoja, mpaka mnazi wa mwisho. Mchanga sikuuchora."

Shakwe mmoja wa kahawia, mtoto wa mwaka wa kwanza, akapita mbele ya kioo, na alipopita Mwanamkasi alikuwa anafuta uso kwa pindo la ushungi.

"Shusha darubini, fundi, watu wanatutazama."

"Nshaishusha."

"Hujaishusha, nakuona. Sikiliza. Mwambie mama yako aje kukuposea. Aje na hiyo nakala yake, na mama yangu aione. Na asihangaike na barabara. Apite hapa hapa mchangani, maji yakitoka. Hakuna mtu atakayemwambia azunguke."